Kuiona Miamba kwa Ndani: Misingi ya Modeli za Jiolojia za Pande Tatu

Modeli ya jiolojia ya pande tatu ni maelezo ya miamba iliyo chini ya ardhi, yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta kwa namna ambayo nukta yoyote ya eneo husika inaweza kuulizwa maswali mawili: hapa pana mwamba gani, na mwamba huo una sifa zipi? Sifa yaweza kuwa gramu za dhahabu katika kila tani, joto, uzito, au wepesi wa kupitisha maji. Ramani ya kawaida ya jiolojia hujibu swali la kwanza kwa uso wa nchi tu. Mchoro wa mkato, unaoonyesha tabaka zilivyopangana kwenda chini, hulijibu kwa mstari mmoja tu uliochaguliwa. Modeli hulijibu kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyewahi kuchoronga wala kuchukua sampuli. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo hapo ndipo penye hatari yake.

Ukubwa wa pengo linalojazwa unaweza kupigiwa hesabu. Tuseme mgodini mashimo ya uchorongaji yamepangwa kwa umbali wa mita 50 kwa 50. Kila shimo linabeba eneo la mita za mraba 2,500. Mche wa mwamba unaotolewa kwa bomba la kipimo cha NQ, ambacho hutumika sana katika utafutaji wa madini, una kipenyo cha milimita 47.6. Kwa hiyo mwamba ulioshikwa mkononi ni sehemu moja kati ya sehemu milioni 1.4 hivi za mwamba unaoelezwa na modeli. Na mita 50 ni karibu sana. Katika utafutaji wa gesi, maji au jotoardhi, visima huweza kutengana kwa kilomita kadhaa. Kazi kubwa ya programu hizi ni kujaza pengo hilo, na karibu dhana zote za msingi za fani hii ni majibu ya swali moja: linajazwa kwa kanuni gani, na nani ameichagua kanuni hiyo?

Kazi huanza na data, na kwa kawaida data ya mashimo hupangwa katika majedwali manne. La kwanza linaeleza mdomo wa kila shimo ulipo: viwianishi vyake na kimo chake kutoka usawa wa bahari. La pili linaeleza shimo limeelekea wapi na limeinama kwa nyuzi ngapi katika kila kina kilichopimwa. La tatu linataja aina ya mwamba, kutoka mita fulani hadi mita fulani. La nne lina majibu ya maabara kwa mtindo huo huo wa kutoka na hadi. Programu huyaunganisha majedwali haya kwa jina la shimo na kwa kina, kisha huchora kila shimo kama uzi uliopinda ndani ya nafasi, wenye rangi za miamba uliyoipita.

Jedwali la pili hudharauliwa na wanaoanza, ilhali ndilo linaloamua kila sampuli inakaa wapi. Shimo refu halibaki limenyooka; bomba hupinda kufuata ugumu wa miamba, mzunguko wa mashine na uzito wa vyuma vyenyewe. Shimo la mita 500 likichukuliwa kuwa limenyooka wakati mwelekeo wake umekosewa kwa nyuzi 2 tu, ncha yake inakaa takriban mita 17 kutoka mahali ilipo kweli. Mshipa wa dhahabu wenye unene wa mita 2 utakuwa umehamishwa mara nane ya unene wake, na programu haitalalamika, kwa kuwa haina kitu cha kulinganisha nacho.

Afrika Mashariki ina mtego wake wa viwianishi. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutoa viwianishi vya WGS84. Nukta moja ikisomwa katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300, hasa kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Kisima cha mwaka 1975 kikiingizwa kwenye modeli bila kubadilishwa mfumo, kitaangukia upande mwingine wa bonde, au upande mwingine wa mpasuko wa miamba. Mtu atakayeiona tofauti hiyo baadaye anaweza hata kubuni mpasuko ambao haupo, ili kueleza kwa nini tabaka limeruka ghafla.

Majina ya miamba nayo yana tabu zake. Mwamba ule ule ukiandikwa tufi na mwanajiolojia mmoja, majivu ya volkeno na wa pili, na mchanga mgumu na wa tatu, programu itaona miamba mitatu na kujenga tabaka tatu. Kuyasawazisha majina hayo ni kazi ndefu isiyo na sifa. Inafanywa mezani, madaftari ya zamani yakiwa yamefunguliwa pembeni na masanduku ya miche ya miamba yakitolewa ghalani ili kutazamwa upya. Hakuna hesabu ya kisasa inayoweza kuchukua nafasi yake.

Data za kijiofizikia huziba sehemu ya pengo kati ya mashimo, lakini zinakuja na masharti. Mawimbi ya mtetemo, yanayotumiwa sana kutafuta mafuta na gesi, hupima muda na si kina. Mwangwi uliochukua sekunde 2 kwenda na kurudi katika miamba yenye mwendo wa mita 3,000 kwa sekunde umetoka kina cha mita 3,000. Mwendo ukiwa mita 3,300, kina ni mita 3,300. Kosa la asilimia 10 katika mwendo limezaa kosa la mita 300 katika kina. Vipimo vya mvutano wa ardhi na vya usumaku vina ugumu mwingine: mwamba mdogo ulio karibu na mkubwa ulio mbali inaweza kutoa kipimo kile kile, hivyo vipimo hivyo hukataa majibu mengi yasiyowezekana bila kuchagua moja lililo sahihi.

Data zikiwa mahali pake, hatua inayofuata ni kujenga nyuso, yaani mipaka kati ya mwamba mmoja na mwingine. Katika kompyuta, uso wa namna hii huwa ni wavu wa pembetatu ndogo zilizoshikana kwenye kingo. Pembetatu ilichaguliwa kwa sababu nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja, jambo lisilo hakika kwa nukta nne. Kanuni inayotumika zaidi kuziunganisha nukta ni ya mwanahisabati wa Kirusi Boris Delaunay, aliyoitoa mwaka 1934: duara linalopita kwenye pembe za pembetatu yoyote lisiwe na nukta nyingine ndani yake. Matokeo yake ni pembetatu zilizojaa vizuri, zisizo nyembamba kupita kiasi. Wavu wa pembetatu unaweza kujikunja na kupita juu yake wenyewe, kama tabaka zilizokunjamana zinavyofanya. Uso unaohifadhiwa kama orodha ya kimo kimoja kwa kila mahali hauwezi hilo, ingawa ni mwepesi na hutosha kwa tabaka tulivu za mashapo.

Njia ya kwanza ya kuupata uso huo ni ya mkono. Mwanajiolojia huchora mipaka kwenye mikato inayofuatana, mmoja baada ya mwingine, kisha programu huiunganisha mistari hiyo kuwa gamba moja. Hivyo ndivyo migodi mingi ilivyofanya kazi kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba kila mstari una mwenyewe: kuna mtu aliyeuwekea mkono na anayeweza kuulizwa sababu. Hasara yake ni muda. Mashimo mapya 20 yakiletwa, mikato yote iliyoguswa huchorwa upya, na kwa sababu hiyo modeli nyingi zilibaki za zamani huku mashimo yakiendelea kuchorongwa. Mwaka 1989 Jean-Laurent Mallet wa Nancy, Ufaransa, alianzisha mradi wa gOcad uliopunguza mzigo huo. Hesabu aliyoibuni hulainisha wavu mzima kadiri iwezekanavyo, huku ikiubana upite kwenye nukta zilizopimwa na kuheshimu masharti mengine kwa uzito unaotofautiana.

Njia ya pili haichori uso kabisa. Badala yake hutafutwa fomula inayotoa namba moja kwa kila nukta katika nafasi: sifuri kwenye mpaka, namba chanya ndani ya mwamba unaotafutwa, na hasi nje yake. Kila sampuli hupewa namba kulingana na umbali wake kutoka kwenye mpaka unaoonekana shimoni, kisha hesabu hutandaza namba hizo katika nafasi yote. Uso unapatikana mwishoni tu, kwa kukusanya mahali pote penye sifuri. Kukusanya huko hufanywa kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1987 na William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric nchini Marekani, waliokuwa wakishughulikia picha za ndani ya mwili wa mgonjwa. Nafasi hugawanywa kuwa michemraba. Kila mchemraba una pembe 8, na kila pembe ama iko ndani ama iko nje, hivyo kuna hali 256 zinazowezekana. Kwa ulinganifu hali hizo hupungua kuwa 15, na kila moja ina pembetatu zake zilizokwisha pangwa.

Njia hii ilipata nguvu pale hesabu zake zilipoweza kubeba mamia ya maelfu ya sampuli, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu ya Leapfrog ya Christchurch, New Zealand, iliifikisha kwenye migodi. Huko Ufaransa, Lajaunie, Courrioux na Manuel walikuwa wamechapisha mwaka 1997 namna nyingine yake iliyo karibu zaidi na fikra za mwanajiolojia, ambayo ndiyo msingi wa programu ya GeoModeller. Kwao, fomula moja hubeba tabaka zote za mfululizo mmoja. Inalishwa vitu viwili: nukta ambazo tabaka limeguswa, na mwinamo uliopimwa popote, hata katikati ya tabaka. Kwa kuwa tabaka zote zinatokana na fomula moja, haziwezi kukatana. Vipimo vya mwinamo vilivyochukuliwa kwa dira kwenye miamba iliyojitokeza juu vinapata kazi, badala ya kubaki alama za mapambo kwenye ramani.

Kasi ya njia hii ya pili ina gharama yake. Programu ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo huchukulia kwamba mwamba unaenea sawasawa kila upande. Mshipa mwembamba wa madini, ambao kwa asili ni kama bamba, hutokea kwenye skrini kama mapovu yanayozunguka kila shimo, kila povu likiwa limejitenga. Dawa yake ni kuiambia programu mwelekeo ambao mwamba unanyooka zaidi, na mwelekeo huo haupatikani kwenye majedwali. Unatokana na kuijua jiolojia ya mahali. Hivyo hukumu ya mwanajiolojia haijaondolewa. Imehama kutoka kwenye mstari unaoonekana na kuingia kwenye kisanduku cha namba ambacho wachache hukifungua. Anayepokea modeli ya namna hii ana haki ya kuonyeshwa namba hizo kabla ya kuonyeshwa picha.

Nyuso pekee hazitoshi. Lazima zipangwe kwa umri. Mwaka 1669 Nicolaus Steno aliandika kanuni ambazo programu za leo bado zinazitii: mashapo hulala mapya juu ya ya zamani, hulala bapa yanapowekwa, na huenea hadi yanapozuiwa na kitu. Ndani ya programu kanuni hizo huwa jedwali la mfuatano. Kila tabaka hupewa nafasi yake na tabia yake: limelala juu ya lililotangulia bila kulikata, au limelimomonyoa kabla ya kukaa? Tabia hiyo ndiyo inayoamua uso upi ukate upi zinapokutana. Mwamba wa moto uliopenya kutoka chini hukata vyote ulivyovikuta. Nukta zile zile, zikipewa mfuatano tofauti, huzaa modeli nyingine kabisa.

Mipasuko ndiyo inayoleta ugumu mkubwa zaidi. Mpasuko wa aina hii ni mahali ambapo miamba imekatika na upande mmoja ukateleza kwa kulinganisha na mwingine, kwa hiyo tabaka lililokuwa moja linaendelea kwa kina kingine. Programu hugawa nafasi kuwa vitalu, na ndani ya kila kitalu hesabu hufanywa bila data za upande wa pili kuvuja. Mipasuko yenyewe nayo ina umri: wa zamani hukatwa na mpya, na mwingine huishia njiani. Katika eneo lenye mipasuko 20, kuamua upi umekata upi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote kwa pamoja.

Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa la Kenya, inaonyesha mambo haya yote mahali pamoja. Visima viwili vya kwanza vya jotoardhi vilichorongwa huko mwaka 1956 bila mafanikio ya maana. Mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Visima vya sasa hufika kina cha mita 3,000, na vingi vinaelekezwa kwa makusudi vikate mipasuko. Mwamba hautolewi kama mche mzima ila mara chache. Kinachopatikana ni vipande vidogo vinavyopandishwa na maji au matope ya uchorongaji, hukusanywa kila baada ya mita 2 na kutazamwa kwa hadubini. Na pale kisima kinapofika kwenye miamba iliyovunjikavunjika, maji ya uchorongaji hupotelea humo na hakuna kipande kinachorudi juu. Maana yake ni kwamba sehemu zinazotafutwa sana, zile zinazopitisha mvuke, mara nyingi ndizo zisizo na sampuli. Anayejenga modeli analazimika kuuchukulia ukimya huo kama data.

Mfuatano wa Olkaria kwa ufupi una tufi za Mau chini, kisha trakaiti za nyanda, kisha basalti za Olkaria, na juu kabisa lava na majivu ya riolaiti ya vipindi vya mwisho. Lakini tufi za Mau huonekana magharibi mwa kilima cha Olkaria na hazipatikani mashariki yake. Hilo limeelezwa kwa mpasuko mkali unaopita kwenye kilima hicho na kuinamia mashariki, ulioshusha upande huo chini. Modeli isiyo na mpasuko huo ingelazimika kuzipeleka tufi mashariki kwa mteremko laini, na kisima kilichopangwa kwa kuutegemea mteremko huo kingekutana na miamba isiyotarajiwa kwa mamia ya mita.

Juu ya miamba huwekwa nyuso za aina nyingine, zisizo mipaka ya tabaka. Madini yanayozaliwa na maji ya moto hueleza joto lililokuwepo: udongo wa smektaiti hukaa kwenye joto la chini ya nyuzi 200 hivi, na epidoti huanza kuonekana joto linapokaribia nyuzi 250. Mahali ambapo kila kisima kilikutana na epidoti kwa mara ya kwanza panaunganishwa kuwa uso mmoja. Pembeni yake unawekwa uso wa joto lililopimwa leo, na mwingine wa upinzani wa umeme unaopimwa kutoka juu ya ardhi, kwani udongo huo hupitisha umeme vizuri kuliko miamba iliyo chini yake. Pale uso wa epidoti unapokuwa juu sana na joto la leo likawa dogo, sehemu hiyo imepoa tangu madini yalipozaliwa. Ugunduzi wa namna hiyo ni mgumu sana kuupata katika majedwali, lakini huonekana mara moja nyuso mbili zinapowekwa pamoja. Katika kazi hiyo picha ya pande tatu haina mpinzani.

Baada ya nyuso kukamilika, nafasi iliyo kati yake hujazwa seli. Seli za kawaida ni michemraba, na hesabu yake huongezeka upesi. Eneo la kilomita 10 kwa 10 lenye kina cha kilomita 3, likigawanywa kwa seli za mita 50, lina seli milioni 2.4, kwa seli za mita 10 zinakuwa milioni 300. Ndiyo maana baadhi ya programu huacha seli kubwa mahali patulivu na kuigawa kila seli mara nane palipo na mpaka. Katika mafuta na gesi seli hupindwa zifuate tabaka, kwa kuwa gesi husafiri kwa kufuata tabaka kwa urahisi kuliko kuzikata. Seli ndogo hazileti maarifa mapya: kugawa mwamba kwa mita 10 wakati mashimo yametengana kwa mita 200 kunaongeza uzito wa faili tu.

Kuzijaza seli hizo sifa ni fani yenye historia yake, na ilianzia Afrika. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, mhandisi Daniel Krige alieleza mwaka 1951 kasoro iliyokuwa ikijirudia: vitalu vilivyotabiriwa kuwa na dhahabu nyingi, kwa kutumia sampuli za pembezoni mwake, vilipochimbwa vilitoa pungufu, na vilivyotabiriwa kuwa maskini vilitoa zaidi. Hakukuwa na udanganyifu. Sampuli chache hubeba bahati, na bahati hiyo hairudiwi na kitalu kizima. Krige alionyesha kwamba makadirio yanapaswa kusogezwa kuelekea wastani, kwa kiasi kinachotegemea data zenyewe. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliijengea kazi hiyo msingi kamili wa kihisabati na kuipa njia jina la Krige.

Kiini chake ni variogramu, grafu inayoonyesha jinsi sampuli mbili zinavyozidi kutofautiana kadiri zinavyotengana. Katika mchanga wa ziwani, sampuli zilizotengana kwa mita 500 zinaweza kufanana bado. Katika dhahabu ya mishipa, sampuli zilizo mita 5 tu kutoka moja hadi nyingine zinaweza kuwa hazijuani. Umbali ambapo ufanano unakwisha ndio mpaka wa ujuzi wa kila sampuli. Nje yake sampuli haina la kusema, na kinachobaki ni wastani wa eneo. Grafu hiyo huchorwa kwa kila mwelekeo, na hesabu hufanywa ndani ya mwamba wa aina moja. Kuchanganya mshipa na mwamba tupu ulio kando yake hueneza dhahabu mahali isipokuwepo. Kwa sababu hiyo nyuso zilizojengwa mwanzo zina uzito hata kwa mhasibu wa mgodi: mpaka ukikosewa, hakuna hesabu itakayoyaokoa makadirio.

Makadirio ya njia ya Krige huwa laini kuliko ukweli, kwa sababu yanalenga wastani ulio bora. Kwa kujua jumla ya tani, hilo linafaa. Kwa kujua maji yatapita wapi, halifai, maana maji hufuata njia chache zilizo wazi kupita kiasi, na ulainishaji huzifuta njia hizo. Hapo hutumika uigaji: kompyuta hutoa mamia ya modeli zinazokubaliana na data zote na zenye ukali ule ule wa mabadiliko, kila moja ikitofautiana na nyenzake mahali pasipo na data.

Taswira ni upande unaopendwa zaidi na programu hizi, na kanuni zake ni chache lakini zinavunjwa kila siku. Ukuzaji wa wima ni wa kwanza. Tabaka lenye mwinamo wa nyuzi 10, likikuzwa wima mara 5, huonekana likiwa na mwinamo wa nyuzi 41. Kilima kidogo hugeuka mlima, na mpasuko uliolala huonekana umesimama. Picha yoyote iliyokuzwa bila kiwango chake kuandikwa inapaswa kukataliwa. Rangi ni jambo la pili. Mpangilio wa upinde wa mvua, uliozoeleka mno, huweka mistari mikali kwenye njano ambapo data haina badiliko lolote, na mtazamaji huiona mipaka isiyokuwepo. Rangi zinazokolea hatua kwa hatua kutoka hafifu hadi nzito hueleza wingi kwa uaminifu zaidi, na hata wasiotofautisha nyekundu na kijani huzisoma. Uangavu, mikato inayosogezwa na kuzungusha modeli vina faida kwa anayeishika panya ya kompyuta. Kwenye karatasi, mikato mitatu iliyochaguliwa vizuri hueleza kuliko picha moja ya pande tatu iliyojaa kila kitu. Na mashimo yaonyeshwe daima pamoja na nyuso, ili macho yaone uso umebebwa na nukta ngapi.

Uso uliolainishwa una ushawishi ambao mstari wa nukta nukta wa penseli haukuwa nao. Mwanajiolojia wa zamani aliukatisha mstari wake na kuweka alama ya kuuliza pale alipokuwa hana uhakika. Kompyuta huupaka uso wote rangi moja. Kiasi cha kutokuwa na hakika kimepimwa. Mwaka 2007 Clare Bond na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wataalamu 412 walipewa mkato mmoja wa mawimbi ya mtetemo, uliotengenezwa kutoka kwenye modeli iliyojulikana. Ni asilimia 21 tu waliotambua kwa usahihi aina ya misukumo iliyoumba miamba ile. Data ilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni mawazo waliyokuja nayo, kwani wengi waliona kile walichokizoea katika kazi zao.

Kuna namna mbili za kulikabili hilo. Moja ni kusogeza data kidogo, kwa kiasi cha makosa yake yanayojulikana, na kuijenga modeli upya mara nyingi. Kisha kila seli huulizwa imekuwa mwamba gani mara ngapi. Florian Wellmann na wenzake walipendekeza jibu hilo lipimwe kwa entropia ya habari: seli iliyobaki mwamba mmoja katika modeli zote hupata sifuri, na inayogeukageuka hupata namba kubwa. Ramani ya namba hizo huonyesha wapi kisima kipya kingefundisha zaidi. Njia hiyo, hata hivyo, hukagua makosa ya vipimo pekee. Ikiwa dhana yenyewe ya jiolojia ni potofu, modeli zote elfu moja zitakubaliana katika upotofu huo. Kwa hiyo namna ya pili ni kujenga modeli mbili au tatu zenye dhana zinazopingana na kuzibeba zote hadi data itakapozikataa. Ni gharama, na wachache hukubali kuilipa, ingawa kisima kimoja kilichochorongwa pasipofaa kinagharimu zaidi.

Programu zenyewe zimegawanyika kwa kazi zilizozizaa. Petrel, iliyotoka Norwei miaka ya 1990, ni ya mafuta na gesi. Datamine, Surpac, Vulcan na Micromine zilikulia migodini. Leapfrog ilianzia migodini ikaenea kwenye jotoardhi na maji ya ardhini. Leseni za programu hizi ni ghali kwa chuo au kwa mtaalamu anayejitegemea, jambo linalozipa uzito programu za GemPy, iliyoanzia Aachen, Ujerumani, na LoopStructural ya Australia. Zote mbili hutolewa bure, zimeandikwa kwa lugha ya Python, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Matokeo yake yanaweza kutazamwa kwa ParaView, nayo ni ya bure. Mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kujenga modeli ya tabaka na mipasuko michache kwa hesabu zile zile zinazotumiwa na makampuni makubwa.

Modeli ya jiolojia haiishii kwenye skrini. Hukabidhiwa kwa programu nyingine zinazohesabu mwendo wa maji, mvuke, joto au uimara wa kuta za mgodi, na makabidhiano hayo huwa magumu kwa sababu seli za hesabu hizo ni kubwa zaidi na chache zaidi. Sifa za seli nyingi hulazimika kuunganishwa kuwa namba moja. Kwa uzito wa mwamba wastani unatosha, kwa upenyezaji, yaani wepesi wa kupitisha maji, hautoshi. Olkaria Mashariki ilifanyiwa hesabu za namna hii mapema: mwaka 1987 Gudmundur Bodvarsson na wenzake, akiwamo mtaalamu wa Kenya, walichapisha modeli iliyolinganishwa na kumbukumbu za uzalishaji wa visima na kushuka kwa shinikizo. Ulinganisho huo ni kipimo kikali kuliko macho ya mtazamaji yeyote. Shinikizo lililokokotolewa lisipofuata lililopimwa kisimani, upenyezaji hurekebishwa kwanza. Likikataa bado, huenda mpasuko uliochorwa kama ukuta unapitisha maji, au uliodhaniwa kuwa njia umeziba. Wakati huo kazi hurudi kwa mwanajiolojia, naye huufungua tena mfuatano wa mipasuko, huirekebisha modeli, na huandika tarehe na sababu ya badiliko pembeni ya kila uso aliougusa.